Lakabu Hutungwa na Mmoja, Hufutwa na Wengi

Barua niliyoletewa na mjukuu wangu ilikuwa fupi. Mwalimu mkuu wa shule yake, shule moja ya msingi hapa Mombasa, alinitaka nifike Jumamosi saa tatu asubuhi. Mtoto alinipa barua hiyo huku akitazama chini, nami, kama ilivyo desturi yetu wazee, nikaona moja kwa moja kwamba ameonewa. Nikavaa kanzu na kofia, nikaondoka nikiwa tayari kudai haki yake. Kumbe deni lilikuwa letu.

"Mzee, mjukuu wako hajampiga mtu," alisema mwalimu mkuu, mama wa makamo, kwa upole. "Amemtungia mwenzake jina. Jina limeenea darasa zima, hata watoto wa chekechea wanalijua. Mtoto wa watu wiki ya pili hii hataki kuja shule."

Jina lenyewe sitalitaja, maana nikilitaja nitakuwa nimeliongezea midomo. Yatosha kusema kwamba lilikuwa na vina, lilikuwa tamu ulimini, na lilimkejeli mtoto kwa jinsi anavyotembea. Mzazi mmoja aliyeketi karibu nami alicheka kidogo akasema, "Watoto hao, ni utani tu." Nilikuwa karibu kuitikia. Lakini moyo ulinishika, kwa sababu jina kama hilo niliwahi kulitunga mimi mwenyewe.

MAZIWA NA KICHEKO

Ndugu msomaji, wa rika langu watakumbuka maziwa ya Nyayo, yale ya bure ambayo serikali ilianza kuyagawa katika shule za msingi mwaka 1979. Yalikuja katika vipakiti vya pembe tatu, na siku ya maziwa ilikuwa kama sikukuu. Darasani mwetu alikuwamo mtoto mwenye kigugumizi. Wakubwa walikuwa wakimvizia nyuma ya darasa, wakimnyang'anya kipakiti chake, kisha wakimwambia kwamba akitaka arudishiwe basi aombe bila ya kukwama. Hakuweza. Na kadiri alivyokwama ndivyo sisi tulivyocheka.

Mimi sikumnyang'anya maziwa hata siku moja. Mimi nilikuwa nikijua kutunga. Nilimtungia kibwagizo kilichokwama pale pale anapokwama yeye, na muda si muda kikaimbwa njia nzima kutoka shuleni mpaka chuoni kwa mwalimu wetu wa Kurani. Hizo ndizo sifa zangu za kwanza za utunzi. Muhula uliofuata yule mtoto hakurudi, na hakuna aliyeuliza, si mwalimu, si mzazi, wala si sisi tuliokuwa tukiketi naye dawati moja.

Nilikutana naye baada ya miaka mingi, ufuoni, akishusha samaki kutoka mashuani. Alinitambua, akanipa mkono, akaniuliza, "Bado watunga?" Hakusema zaidi ya hapo. Nimepata kusifiwa kwa mashairi yangu, alhamdulillahi, lakini swali lile halijanitoka sikioni hata leo.

UTANI UNA PANDE MBILI

Sisi watu wa pwani twaujua utani, na utani wetu una sharti lake. Anayetania naye hutaniwa, na wote wawili huondoka wakicheka. Neno likitoka upande mmoja tu, likirudiwa kila siku, na likimwangukia asiye na uwezo wa kulirudisha, hilo si utani tena bali ni uonevu. Dan Olweus, mtaalamu aliyelichunguza jambo hili kwa miaka mingi huko Norway, aliutambua uonevu kwa alama zinazokaribiana na hizo: nia ya kuumiza, kurudiwa mara kwa mara, na tofauti ya nguvu baina ya anayetenda na anayetendwa.

Na hata kabla ya kufika Norway, tunayo ya kwetu. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, yatukataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya, na neno la Kiarabu lililotumika humo kwa majina hayo ndilo asili ya neno letu la Kiswahili, lakabu. Aya hiyo niliisoma chuoni nikiwa mdogo, nikaihifadhi, kisha nikatoka nje kuimba kibwagizo changu. Kuhifadhi ni jambo moja, na kushika ni jingine.

"NA WENGINE JE?"

Jioni ya siku ile nilimchukua mjukuu wangu mpaka nyumbani kwa mwenzake. Mamake alitukaribisha barazani. Mjukuu wangu akaomba radhi, tena kwa machozi. Yule mtoto alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na wengine je?"

Swali hilo lilitushinda sote. Lakabu ikishatoka kinywani si mali ya mtunzi tena. Aliyeitunga ataweza kuijutia, lakini hawezi kuirudisha peke yake, kwa maana imo vinywani mwa mia moja.

Nililipeleka swali hilo kwa mwalimu mkuu, naye akaitisha mkutano wa pili, akaalika hata wale ambao kwa kawaida hawaitwi: bawabu wa langoni, mama auzaye viazi karai nje ya ua, madereva wa tuktuk wanaobeba watoto, na mwalimu wa chuo ambako wengi wao husoma baada ya alasiri. Yule mama wa viazi ndiye aliyetufungua macho. "Mimi nawajua wanaonunua kwa pesa za wenzao," alisema. "Hamkuniuliza." Bawabu naye akataja ile pembe ya nyuma ya vyoo. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha habari, na hakuna aliyekuwa na habari nzima.

Mwalimu mkuu alitueleza kuwa wenzetu wamekwisha kupita njia hii. Mwishoni mwa 1982 wavulana watatu wa Norway walijitoa uhai, na ikaaminika kuwa uonevu wa wenzao ndio uliowafikisha hapo. Mwaka uliofuata nchi nzima ikaanzisha kampeni, na Olweus akawafuatilia wanafunzi kama 2,500 katika shule 42 za mji wa Bergen. Uonevu ulipungua kwa karibu nusu. Hapakuwa na dawa ya ajabu. Walimu walisimamia mapumziko, kila darasa likawa na kanuni zake na vikao vyake, na wazazi wakaitwa kuzungumza. Huko Finland, Chuo Kikuu cha Turku kilitunga mpango uitwao KiVa ambao huwalenga hasa watazamaji, kwa kuwa mwonevu hutaka hadhira, na akiikosa huchoka. Nasi tusidhani ni shida ya wachache: mwaka 2019 UNESCO ilieleza kuwa karibu mwanafunzi mmoja katika kila watatu duniani alionewa na wenzake katika muda wa mwezi mmoja.

TULIYOKUBALIANA

Basi tukagawana kazi. Mwalimu mmoja husimama bombani na mwingine karibu na vyoo kila mapumziko. Kila darasa huketi Jumatatu kuzungumza yaliyopita. Tangu 2023, sekondari msingi ilipowekwa ndani ya shule za msingi, vijana wakubwa na watoto wa chekechea wamekuwa wakikutana kiwanja kimoja. Kwa hiyo wakubwa wamepewa wadogo wa kuwavusha barabara, kila mmoja na wake. Mwalimu wa chuo hufuata kanuni hizo hizo. Na mzazi akiitwa, huja kusikiliza kabla hajatetea. Hilo la mwisho nililipendekeza mimi, na sababu yake waijua.

Mzee mmoja alitaka waonevu wachapwe mbele ya gwaride. Aliambiwa kwamba viboko vilipigwa marufuku mashuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza kumtesa mwanafunzi kwa mwili au kwa akili. Tena, mtoto afedheheshwaye hujifunza kufedhehesha. Mwalimu wa chuo akatukumbusha kuwa Mtume (S.A.W.) aliamuru ndugu asaidiwe, awe mwenye kudhulumu au mwenye kudhulumiwa, na alipoulizwa dhalimu husaidiwaje, akaeleza kuwa ni kwa kumzuia asidhulumu. Kwa hiyo mjukuu wangu naye ni wa kusaidiwa. Na kwa mtoto asiyeweza kumwambia mtu wa karibu, ipo simu ya 116, ambayo hupigwa bila malipo popote Kenya.

Mwisho mwalimu mkuu akanigeukia: "Mzee, wewe ni mtunzi. Watungie watoto kitu." Nikaketi na mjukuu wangu usiku mmoja, tukatoka na ubeti huu, ambao sasa husomwa gwarideni:

Mwenzio akionewa, usisimame kucheka,
Jina baya alopewa, lifute likafutika,
Usikhofu kuchukiwa, nenda sema kwa haraka,
Kunyamaza ukijuwa, ni dhuluma kushirika.

Yule mtoto amerudi shule. Sitasema kwamba yote yamekwisha, kwa kuwa wiki iliyopita lile jina lilisikika tena bombani. Lakini safari hii msichana mdogo aliyekuwa akichota maji aliiweka chupa yake chini, akaenda kumwambia mwalimu. Darasani kwetu, mwaka ule wa maziwa, tulikuwa arubaini na zaidi, na hakuna hata mmoja aliyeiweka chini chupa yake. Mkono mmoja haulei mwana, walisema wazee, na sasa naona kwamba hata kumponya hauwezi.