Kifo Kasrini (2): Nani Alimuua Sayyid Hamad?

Wiki iliyopita tuliishia Sohar, Oman, mwaka 1866, pale Sayyid Thuwaini bin Said alipouawa na vidole vikamwelekea mwanawe, Salim. Leo tunavuka bahari kuja Unguja kumtazama mtoto mwengine wa Thuwaini, Hamad, aliyetawazwa Zanzibar Machi 1893.

Tarehe 25 Agosti 1896, kabla ya adhuhuri, Sayyid Hamad alifariki ghafla. Hata maziko hayajafanyika, mtoto wa ami yake, Khalid bin Barghash, keshaingia kasrini na watu wenye silaha. Uvumi wa sumu ukazagaa, na mpaka leo haujazimika. Watembezaji wa wageni huumaliza kwa sentensi moja pale Forodhani, kisha gari likaelekea Jozani kutazama kima punju. Kesi hii inastahili zaidi ya hapo.

Kinachomponza Khalid ni ile haraka yake. Lakini alipofariki Sayyid Ali bin Said mwaka 1893, Khalid alikimbilia kasri vivyo hivyo, akashawishiwa kutoka. Alikwishajua kwamba atakayechelewa mlangoni, kiti kimempita. Haraka hiyo inathibitisha tamaa ya ufalme, sumu haiithibitishi.

Tuwatazame na Waingereza. Kwa mkataba wa 1890, hakuna wa kutawazwa bila ya ridhaa yao, na wao walimtaka Hamoud bin Mohammed. Tarehe 27 Agosti, saa tatu asubuhi, muda waliompa Khalid ukaisha. Manowari zikaanza kupiga, na kwa muda usiofika saa moja kasri likawa kifusi, watu wapatao 500 wamekufa au kujeruhiwa. Siku hiyohiyo Hamoud akakalishwa kitini. Mizinga ile haikulia kwa kumdai haki marehemu. Kosa la Khalid mbele yao lilikuwa kukaa kitini bila ya idhini ya konseli wao.

Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Waingereza walimdai, Wajerumani wakakataa kumtoa kwa kuwa makubaliano yao hayakuhusu wakimbizi wa kisiasa. Kwangu mimi hapa ndipo penye uzito: kama ushahidi wa sumu ungekuwapo, huo ndio uliokuwa wakati wa kuuweka mezani, wamdai kama muuaji. Tarehe 2 Oktoba, maji yalipojaa hadi kwenye lango la bustani ya ubalozi, mashua ya Wajerumani ikasogea, Khalid akaingia moja kwa moja bila ya kukanyaga ardhi ya Unguja, akapelekwa Dar es Salaam.

Waingereza walimtia mkononi mwaka 1916. Wakampeleka Saint Helena, kisha Shelisheli, na mwishowe wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki. Alifia Mombasa mwaka 1927. Miaka 11 hiyo alikuwa chini yao, na hawakumsimamisha mbele ya jaji yeyote kujibu kifo cha Hamad.

Itaendelea.