Bangkok usiku: kwa nini ufuate foleni

Uko Yaowarat, mtaa wa Wachina jijini Bangkok, kwenye matembezi ya kuonja vyakula vya mtaani. Muongoza watalii anapita vibanda vitatu visivyo na wateja, anaenda kusimama penye foleni. Njaa inakuuma. Kwani vile vina shida gani?

Jibu ni joto na muda. Bakteria wengi wanaotuvuruga tumbo huzaliana haraka kati ya nyuzi joto 5 na 60 za Selsiasi. Tambi zinazotoka kikaangoni zikiwa za moto na kuliwa hapo hapo haziwapi nafasi. Na penye foleni, chakula hakikai.

Mtego mkubwa ni wali. Spora za Bacillus cereus huweza kustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa mezani saa nyingi, spora zinachipua na bakteria wanaanza kuzaliana. Baadhi yao hutoa sumu isiyoharibiwa na moto wa jikoni, kwa hiyo hata ukiukaanga upya, bakteria watakufa ila sumu itabaki.

Basi ukifika kibandani, usiulize tu kama ni kitamu. Uliza pia: kimepikwa saa ngapi?