Mdakaji Aliyekuja Kuwa Meneja: Safari ya David Ross

Wengi wetu tunaoishi London tunaujua uwanja wa Stratford kwa sababu ya West Ham. Lakini tarehe 24 na 25 Juni 2023 uwanja huo uligeuzwa kuwa wa besiboli, wakacheza Chicago Cubs na St. Louis Cardinals kutoka Marekani. Cubs walishinda siku ya kwanza 9-1, Cardinals wakalipiza siku ya pili 7-5. Meneja wa Cubs alikuwa David Ross, mdakaji wa zamani. Habari zake zinafaa kuzungumzwa nyumbani hata kama hakuna anayeujua mchezo huo.

Kwanza, mdakaji ni nani? Ni yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, amevaa barakoa ya chuma na kinga kifuani, akidaka mpira unaoweza kuja kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa. Wenzake wanane wanatazama kwake. Yeye peke yake anauona uwanja mzima. Ndiye anayempa mrushaji ishara arushe mpira wa aina gani. Haishangazi kwamba wadakaji wengi, kama Joe Torre na Bruce Bochy, walikuja kuwa mameneja wakubwa. Kwetu mfano wake ni kipa. James Siang'a alilinda lango la Harambee Stars, kisha akawa kocha wa Simba ile iliyowang'oa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, kwa penalti mjini Cairo mwaka 2003.

Ross alizaliwa mwaka 1977 huko Bainbridge, Georgia. Alianza ligi kuu mwaka 2002 na Los Angeles Dodgers, akacheza misimu 15 katika timu saba. Hakuwa nyota. Kwa kupiga mpira alikuwa wa kawaida, na miaka mingi alikuwa mdakaji wa akiba. Timu zilimtaka kwa sababu alijua kuwatuliza warushaji na kuwasoma wapinzani.

Mwaka 2013, akiwa Boston Red Sox, mipira ilimgonga kwenye barakoa akapata mtikisiko wa ubongo mara mbili ndani ya wiki chache. Alikaa nje takriban miezi miwili, akaonana na wataalamu, akarejea Agosti. Oktoba alikuwa uwanjani Boston walipotwaa ubingwa, na pigo lake katika mechi ya tano ya fainali ndilo lililoipa timu uongozi.

Miaka mitatu baadaye alikuwa Cubs, vijana wakimwita babu. Katika mechi ya saba ya fainali ya 2016, akiwa na miaka 39, alipiga mpira ukavuka uzio. Cubs wakawa mabingwa baada ya kusubiri miaka 108. Hiyo ndiyo ilikuwa mechi yake ya mwisho.

Oktoba 2019 Cubs walimpa umeneja, akawaongoza baadhi ya watu aliocheza nao. Mwaka 2020, msimu uliofupishwa na korona, timu iliongoza kundi lake. Mwaka uliofuata uongozi wa klabu uliwauza nyota wa 2016, na matokeo yakashuka. Mwaka 2023 timu ilishinda mechi 83 na kupoteza 79, ikakosa mtoano. Novemba, chini ya miezi mitano baada ya London, akaachishwa kazi na nafasi yake akapewa Craig Counsell siku hiyohiyo. Ndivyo kazi ilivyo: leo unashangiliwa, kesho meza yako ina mtu mwingine. Ujuzi wake lakini hakuna aliyemnyang'anya.

Kama muuguzi, kwangu kubwa zaidi ni ile miezi miwili ya 2013. Watu wetu tumezoea kusema "niko sawa". Mwanafunzi anagongwa kichwa kwenye raga au mpira Jumamosi, Jumapili anaingia zamu asipoteze pesa. Mtoto anamficha mama asije akakatazwa kucheza. Mtikisiko wa ubongo hauonekani kwa macho, na mara nyingi mtu hapotezi fahamu. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kusahau, kukasirika ovyo, kutopenda mwanga.

Mwongozo wa Uingereza wa Aprili 2023 kwa michezo ya shule na mitaani uko wazi: ukiwa na shaka, mtoe mchezaji, asirudi siku hiyo. Apimwe na mhudumu wa afya au mpige 111 ndani ya saa 24. Mnaweza kuomba mkalimani. Asirudi kwenye mashindano kabla ya siku 21. Akitapika tena na tena, akipata degedege, akizimia, au usingizi usio wa kawaida ukimzidi, msisubiri: pigeni 999.

Wazazi, waulizeni watoto baada ya mechi, na msiishie kwenye matokeo. Wanafunzi, zamu moja ikipotea itapatikana nyingine. Ross alikubali kukaa nje msimu wa kiangazi, ndipo akaweza kucheza Oktoba, na miaka mingine mitatu baada ya hapo.