"Mama, nitolee digrii"

Mbele yangu kwenye foleni alisimama kijana wa miaka ishirini na kitu, shati limenyooshwa, flashi mkononi. Ilikuwa steshenari ya kawaida ya Sinza, Dar es Salaam, mahali pa kutoa kopi ya kitambulisho na kuondoka zako. Zamu yake ilipofika, aliinamia kaunta akasema kwa sauti ya chini: "Mama, nitolee digrii."

Mwenye duka hakushtuka. Aliipokea flashi, akaichomeka kwenye kompyuta, akauliza, "Tunabakiza kidato cha sita, au nacho tunakitoa?"

"Bakiza cha nne tu."

Maneno hayo yalinigandia kichwani. Tumezoea habari za watu wanaojiongezea elimu. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliwakuta watumishi wa umma 9,932 wakiwa na vyeti vya kughushi, na nchi nzima ikawa haina mazungumzo mengine. Wale walighushi ili waonekane wamesoma. Kijana huyu amesoma kweli, cheti chake ni halali, na analipa pesa ili aonekane hakusoma. Nilirudi kwa yule mama kumuuliza ni wangapi wanaomjia na ombi kama hilo.

"Kaa hapo, mwanangu," aliniambia akinisogezea stuli. "Wewe tazama tu."

Aliniomba nisiandike jina lake wala la duka, kwa sababu wateja wake wataona amewauza. Ni mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani, anapiga chapa bila kutazama vidole. Alisomea ukatibu muhtasi Tabora, akaajiriwa katika shirika la umma, akapunguzwa kazi katikati ya miaka ya 1990 mashirika yalipokuwa yanabinafsishwa. Kiinua mgongo chake kilinunua taipureta. Tangu hapo anaandikia watu barua za kuomba kazi.

Kwenye kompyuta yake kila mteja wa kudumu ana folda, na ndani ya folda nyingi mna CV mbili za mtu yuleyule. Moja ameipa jina KUBWA, nyingine NDOGO. Kubwa ni ya wizara, benki, mashirika ya kimataifa na Ajira Portal. Ndogo ni ya viwanda, supamaketi, hoteli, kampuni za ulinzi na maduka ya Kariakoo.

Binti mmoja wa miaka 25, mwenye shahada ya takwimu, alikubali nikae pembeni wakati CV yake kubwa inafanywa ndogo. Nilidhani ni suala la kufuta mstari mmoja.

Mstari wa shahada uliondoka kwanza, na mama akaendelea kushuka na ukurasa. Yale mafunzo kwa vitendo aliyofanya mwaka wa pili katika ofisi ya halmashauri yalifutwa, maana mtu wa kidato cha nne hapelekwi ofisi ya mipango kujifunza kuchambua takwimu. Ikafuata orodha ya programu za kompyuta. SPSS ilikwenda, Excel ikakwenda, likabaki neno moja: kompyuta. Aya ya juu, ile ya malengo, iliyoandikwa kwa Kiingereza cha chuo na kusema binti anatafuta taasisi itakayokuza kipaji chake, ilifutwa yote. Kiingereza chenyewe kikaondoka. CV ndogo huandikwa kwa Kiswahili.

Kisha wadhamini. Wawili kati ya watatu walikuwa wahadhiri, na mbele ya majina yao pameandikwa "Dkt." Mama akatikisa kichwa. "Wa kidato cha nne anafahamiana na madaktari wa chuo kikuu tangu lini?" Nafasi zao wakapewa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mchungaji. Hata anwani ya barua pepe ilibadilishwa, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa na jina la fani yake ndani. Kwenye picha alikuwa amevaa joho. Mama alimsimamisha kwenye ukuta mweupe wa duka, akampiga nyingine kwa simu.

Ukurasa ulikuwa umepungua ukabaki nusu, lakini kazi ilikuwa haijafika penyewe. Binti alimaliza kidato cha nne mwaka 2016, cha sita 2019, chuo 2022. Ukishatoa vyote viwili vya juu, inabaki miaka mingi ambayo mtu huyu, kwa mujibu wa karatasi, hakufanya kitu.

"Hapa ndipo wanaponaswa," mama alisema. "Atakayekuhoji atauliza: miaka yote hiyo ulikuwa wapi, ulikuwa jela?"

Mama ana mwiko mmoja. "Kutoa natoa. Kuongeza siongezi. Mtu akitaka nimwandikie alifanya kazi mahali ambapo hakufanya, namrudishia flashi yake." Kwa hiyo walianza kutafuta, wawili hao, ndani ya maisha ya binti, kitu cha kweli cha kujazia pengo. Uliwahi kuuza chochote? Hapana. Shambani? Likizo tu. Binti akafikiri, halafu akasema kwamba bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, lilipochelewa alikuwa anawasuka wenzake hosteli kwa malipo, wikiendi, tangu mwaka wa kwanza hadi alipomaliza.

"Unaona!" mama alisema, na vidole vikaanza kukimbia. Likaandikwa: Biashara ya kusuka nywele, 2019–2022.

Ni kweli tupu. Alisuka miaka hiyo yote. Ila miaka mitatu ya darasani, mikopo ya serikali na mitihani imefutika, na zile wikiendi za kitana na rasta ndizo zilizosalia kuwa historia yake ya kazi. Binti aliisoma karatasi ilivyotoka kwenye printa, ikiwa bado ya moto, akauliza jambo moja tu: "Mama, wakishangaa najua Kiingereza?"

"Sema unapenda filamu."

Ombi lilikuwa la kazi ya keshia.

Nilimuuliza mama kwa nini waajiri wasifurahie kumpata keshia mwenye shahada ya takwimu. Alinijibu kama mtu aliyeulizwa mara nyingi. "Wana maneno matatu. La kwanza, huyu atatukimbia akipata kwingine. La pili, atadai mshahara mkubwa. La tatu hawalisemi, lakini ndilo lenyewe: msimamizi wa pale ni wa kidato cha nne, na hataki chini yake awepo mtu wa kumkosoa."

Habari ya nafasi chache na waombaji wengi haihitaji kuelezwa upya. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ilitangaza nafasi 70, wakajitokeza watu zaidi ya 10,000, usaili ukafanyiwa Uwanja wa Taifa. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilihitaji watu 1,596. Walioomba walizidi 135,000. Wengi wa hao waliandika CV kubwa, na wengi wakarudi nyumbani.

Ninachotaka kukielewa ni kile kinachotokea katikati, kati ya siku ya joho na siku ya kusema "nitolee". Mama anasema anaweza kujua mtu amemaliza chuo lini kwa kumtazama anavyonunua huduma. "Miezi ya kwanza anataka rangi. Karatasi nzito, bahasha ya kaki mpya, kila kitu kipya. Barua za kwanza ni Benki Kuu, ni Mapato, ni Umoja wa Mataifa. Ananiuliza, mama, wakitaka nitaje mshahara niweke milioni ngapi? Mimi namwambia weka unachoona. Baada ya nusu mwaka rangi haitaki tena, anaprinti nyeusi. Mwaka wa pili anakuja na sarafu, ananiambia nina mia tano, nitolee kopi ambazo zitatosha. Hapo najua safari ijayo itakuwa ya kutoa digrii."

Halaumu vijana. Analaumu sherehe. "Mahafali siku hizi ni harusi. Kadi za michango, mbuzi kachinjwa, mjomba kasimama kashika maiki anasema familia imepata mkombozi. Mtoto ana miaka 23, hajawahi kupokea mshahara hata mmoja, ameshakuwa mkombozi! Kesho yake anaanza kuomba kazi akiwa na deni la ukoo mzima. Sisi tulimaliza chuo, barua ya kupangiwa kazi ikatufuata. Wazazi wanakumbuka ile. Hawajui imekwisha, au wanajua, hawataki kusema."

Nilimwambia kwamba hata hivyo wapo wanaopata kazi za fani zao. Alikubali, na akanieleza kuhusu mteja wake mmoja, mhitimu wa uhasibu, aliyepata ajira katika taasisi ya mikopo midogo. Cheo kilikuwa Afisa Mikopo. Alikuja dukani kutoa kopi ya mkataba huku akicheka peke yake, mama yake mzazi akapigiwa simu palepale kwenye kaunta.

Mama anayeuza samaki jirani na steshenari ndiye aliyemwona afisa huyo akiwa kazini. Alikuwa anapita meza kwa meza sokoni kudai marejesho ya mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Ana lengo la makusanyo la kila wiki. Lisipofikiwa, kamisheni hakuna. Wanawake wakimwona anakuja wanafunika meza. Wengine wana umri wa mama yake, wanamwita mwanangu, naye inambidi aite mgambo. Alivumilia mwaka na kitu. Siku alipoacha alirudi dukani na kuomba CV yake isomeke kwamba hakuwahi kufanya kazi ile. "Huyo ndiye pekee aliyetaka nimtolee kazi," mama alisema. "Digrii aliibakiza."

Kuna kisa kingine ambacho mama alikieleza taratibu zaidi, na mimi bado sijui nikiweke wapi. Kijana aliyetolewa digrii hapo dukani alipata kazi kiwandani, upande wa kufungasha. Alipenda, alielewana na wenzake, msimamizi alimsifu. Lakini alikuwa amesoma kwa mkopo, na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu huwafuata wadaiwa wake kupitia kwa waajiri. Sheria inamtaka mwajiri akate asilimia 15 ya mshahara wa mdaiwa na kuiwasilisha. Mtu wa laki tatu hukatwa 45,000 kila mwezi.

Siku moja orodha ya wadaiwa ikafika ofisi ya utumishi ya kiwanda, na jina lake limo. Mtu ambaye faili lake linasema kidato cha nne anadaiwa ada ya chuo kikuu.

"Aliitwa ofisini," mama alisema. "Alinipigia simu akiwa kwenye ngazi anapanda. Akaniambia, mama, wamejua. Baada ya hapo namba yake haikupatikana tena."

Je, alifukuzwa? Na kama alifukuzwa, kosa lake liliandikwaje? Mtu anaweza kuachishwa kazi kwa kuwa anajua zaidi ya alivyosema? Mama anazo imani zake, lakini jibu hana. Nilimuuliza kama tangu siku hiyo amefikiria kuacha kuwatolea. Alivua miwani, akaifuta kwa kitenge.

"Nimefikiria. Halafu anakuja binti kama yule wa jana, ameuza simu yake nzuri ili alipe kodi ya chumba. Nimwambie nini? Nimwambie subiri Serikali?" Serikalini, ambako kima cha chini cha mshahara kilipanda hadi shilingi 500,000 tangu Julai 2025, ndiko kila mteja wake anakotaka kwenda. "Na si mimi ninayeanza kuficha. Hebu soma matangazo ya kazi ninayoyaprinti hapa. Mshahara mnono. Mshahara kulingana na makubaliano. Mshahara utajulikana kazini. Mwenye kazi kaficha bei, mwenye kuomba naye kaficha cheti. Wanakutana hivyo hivyo, wote wamejifunika."

Kisha akatoa karatasi moja kwenye droo. Ni tangazo analomchapia mara kwa mara mfanyabiashara wa vipuri vya magari wa Gerezani, Kariakoo. Katikati, kwa herufi kubwa, limeandikwa: mshahara 350,000, chakula cha mchana, Jumapili mapumziko, kuanzia saa mbili hadi saa kumi na moja. Mfanyabiashara huyo hajali kama mwombaji ana digrii au hana. Anasema wazi atakacholipa, anayeona hakimtoshi haji. Kijana wa digrii ya ugavi alikwenda pale na CV yake kubwa, joho na yote, akawekwa stoo. Bado yupo.

"Hakuna hata mmoja," mama aliniambia, "aliyewahi kuniomba nimtolee digrii ili aende kwa yule bwana."

Wenye viwanda, maduka, hoteli na kampuni za ulinzi mnaosoma makala hii, nawaomba muandike mshahara kwenye tangazo, na saa za kazi pia. Mhitimu akiyasoma hayo na bado akaja, mjue amekwisha kupiga hesabu zake. Mpokeeni na vyeti vyake vyote.