Je, Wajua? Waya wa Dishi Hupandisha Umeme

Waya wa dishi haushushi picha tu. Hupandisha pia umeme kutoka kwenye king'amuzi hadi LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi: volti 13 kwa chaneli za mawimbi ya wima, volti 18 kwa zile za mlalo. Ndiyo maana kundi zima la chaneli huweza kutoweka huku nyingine ziking'ara. Konekta ikiota kutu, volti 18 hufika juu zikiwa pungufu na LNB hubaki upande wa wima.

Mawimbi husafiri takriban kilomita 36,000 kutoka kwenye setilaiti, kisha LNB huyakuza na kuyashusha masafa hadi kati ya megahezi 950 na 2150 ili waya uweze kuyabeba. Hata hivyo, katika masafa ya juu, mita 20 za waya wa aina ya RG6 hula karibu robo tatu ya nguvu ya mawimbi hayo. Usinunue waya mrefu kuliko unaohitaji!

Pini ya konekta ni ile shaba ya katikati ya waya wenyewe. Unyuzi mmoja tu wa wavu unaoizunguka ukiigusa, ni shoti, na LNB haipati umeme. Maji nayo hupenya taratibu kwenye wavu. Pwani, chumvi ya hewani huongeza kutu. Funga konekta ya nje kwa utepe usiopitisha maji, na uache waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia ukutani, maji yadondokee hapo.