Kasri ya Shuri na Bustani Isiyoiona Bahari

Mwaka 2024 mwandishi wa safu hii alifika Okinawa, kusini kabisa mwa Japani, kumtazama mdogo wake anayesoma huko. Tulikuwa watu watano: mama yangu mzazi, mke wangu, watoto wawili na mimi. Siku ya pili tuliipanda njia ya mawe iendayo Kasri ya Shuri, makao ya wafalme wa Ryukyu, dola ya visiwa iliyodumu tangu mwaka 1429 hadi 1879 na kujulikana kwa biashara ya vyombo vyake baina ya Uchina, Siam na Malaka.

Tuliyoikuta ni kasri inayojengwa upya. Jumba lake kuu liliteketea usiku wa manane tarehe 31 Oktoba 2019. Nalo lilikuwa jipya vilevile, kwani lile la awali lilisambaratishwa kwa mizinga katika vita vya mwaka 1945, jeshi la Japani lilipokuwa limechimba makao yake chini ya kasri. Baadaye hapo pakajengwa chuo kikuu, hata mwaka 1992 jumba likasimama tena.

Msomaji atauliza, jumba lililofutika liliwezaje kurejeshwa? Jibu ni karatasi. Walikuwapo wenye picha za kale, na yakapatikana maandishi ya matengenezo ya karne ya 18 yenye vipimo vya mbao. Karani mmoja wa mfalme, asiyekumbukwa na mtu, aliandika kazi yake vizuri.

Mama alisimama muda mrefu mbele ya mafundi. Marehemu baba yake alikuwa mwashi katika Mji Mkongwe. Alipoelezwa kwamba baada ya moto wananchi walijitolea kubandua chokaa kwa mikono katika vigae vyekundu vilivyosalimika, ili vitumike tena, aliuliza jambo moja tu: “Mwanangu, na sisi vipimo vya Beit-el-Ajaib vimewekwa wapi?” Sikuwa na la kumjibu, na swali hilo nawafikishia wahusika. Jumba lile la mwaka 1883 liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020. Mji Mkongwe na magofu ya kasri za Ryukyu viliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka mmoja, 2000, na huko Shuri kilichoorodheshwa ni misingi ya mawe iliyo chini, si jumba lililojengwa juu yake.

Jambo jingine lawahusu wakubwa wa ofisi. Jumba la Shuri lilipoungua, ndani yake hamkuwa na mabomba ya darini yanayomwaga maji yenyewe moto unapozuka. Katika mpango wa ujenzi mpya yamo. Mabomba hayo yangegharimu kiasi gani mwaka 1992, kila mwenye dhamana ya fedha za umma aweza kukisia.

Alasiri tulikwenda bustani ya Shikina, iliyokamilishwa mwaka 1799. Humo wafalme walipumzika na kuwakirimu wajumbe wa Uchina waliokuja kuwatawaza. Nayo iliangamia mwaka 1945. Kuitengeneza kulianza mwaka 1975 na kukachukua miaka ipatayo 20. Lipo ziwa, lina madaraja mawili ya mawe yaliyopinda mgongo na kibanda cha pembe sita. Watoto hawakutaka kuondoka darajani.

Mwisho wa njia kuna mahali palipoinuka pa kutazamia nchi. Husimuliwa kuwa palichaguliwa kwa hila: mtu akisimama hapo huona mashamba na vilima tu, bahari haionekani hata kidogo, ili mjumbe wa Uchina adhani ufalme ule mdogo ni nchi pana isiyo na mwisho. Mwanangu wa miaka sita, ambaye hajapata kulala mahali pasiposikika mawimbi, aligeuka huku na huku.

“Baba, bahari wameificha wapi?”

Bibi yake akajifunga ushungi vizuri, akamshika mkono, wakashuka kwenda kuitafuta.