"Borrow me your pen" ilivyoninyima ulaji

Usicheke, msomaji wangu, maana yaliyonikuta mimi yanaweza kukukuta na wewe Jumatatu asubuhi.

Mwaka mmoja baada ya kumaliza kidato cha sita niliitwa kwenye usaili wa ukarani, ofisi moja hapa mjini. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, vyeti vipo ndani ya bahasha ya kaki. Mama mmoja wa makamo akanipa fomu nijaze. Napapasa mfukoni, kalamu hakuna! Nikajikakamua na ung'eng'e wangu: "Please madam, borrow me your pen."

Mama akanitazama juu ya miwani, akajibu kwa Kiswahili: "Mwanangu, nikaazime kwa nani tena, na kalamu ni yangu?"

Jasho jembamba likanitoka. Kalamu alinipa, ila akaivuta barua yangu ya maombi na kupiga mstari pale nilipoandika kwamba sitaki "to loose this chance". Nilitaka kusema sitaki kuipoteza nafasi hiyo. Kumbe nimesema sitaki kuifungulia kamba, utadhani mbuzi! Kazi akapata mwingine.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza, hivi miaka sita ya sekondari nilikuwa nasoma nini? Nikagundua kitu. Wengi wetu tulisoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza tukamwagiwa Kiingereza. Kwa hiyo kichwani tunatafsiri. Na "azima" yetu inakwenda na kurudi: mimi naazima kwako, wewe unaniazima mimi. Mwingereza kaligawa: anayepokea ana-"borrow", anayetoa ana-"lend". "Lend me your pen", basi, mambo kwisha.

Lakini Kiswahili hichohicho kinachotuponza kina dawa yake, na dawa yenyewe ni kale ka-"sha" ka mwishoni mwa kitenzi. Kukopa ni "borrow", kukopesha ni "lend". Kukumbuka ni "remember", kukumbusha ni "remind". Ukimwambia mwalimu "remember me to bring the book" umechapia, maana ulitaka akukumbushe.

Hapo ndipo utakapoziweza zile pacha mbili zinazowatoa watu jasho kwenye mtihani. Bei ikipanda yenyewe, "prices rise". Mwenye duka akiipandisha, "he raises the price". Sasa chukua swali la historia, Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Mwanafunzi anaandika "the people raised against the Germans". Walipandisha nini, bendera? Watu waliinuka wenyewe, kwa hiyo "the people rose". Somo unalijua, tarehe unazijua, sentensi inakuangusha.

Pacha ya pili ni "lie" na "lay", yaani kulala na kulaza. Mgonjwa amelala kitandani, "the patient is lying on the bed". Nesi anamlaza mtoto, "she is laying the baby on the bed". Ukiandika "the patient is laying", msomaji anasubiri yai, maana kuku naye ana-"lay". Halafu Mwingereza katuwekea mtego: "lie" ikienda wakati uliopita inageuka "lay"! "Yesterday I lay in bed all day" ni sahihi kabisa. Ile ya kulaza inakuwa "laid". Na ukidanganya ni "lied". Hapa hakuna ujanja, kaa ukariri.

Kuna mengine ambayo "sha" haiyafikii, lakini Kiswahili bado kinasaidia. Kama kwa Kiswahili ungesema kushauri, andika "advise" yenye s. Kama ungesema ushauri, andika "advice" yenye c. Kuathiri ni "affect", athari ni "effect". Ni mara chache sana kwenye daftari la shule utakuta kinyume chake. "Practise" na "practice" nazo zinafuata njia hiyo, kwa Kiingereza cha Uingereza tunachofundishwa. Mmarekani anaandika c kote kote, kwa hiyo kompyuta iliyowekewa Kiingereza cha Marekani inaweza kukukosoa bure.

Na usiitegemee sana hiyo kompyuta. "Loose" ni neno halali, mara nyingi inalipita bila hata kukohoa. Mimi siku hizi nakumbuka hivi: kwenye "lose" o moja imepotea.

La mwisho liko barabarani. Maduka yetu ya madaftari na fotokopi, hesabu mwenyewe ukiwa ndani ya daladala ni mangapi yameandika "Stationary" kwenye kibao. Neno hilo lenye a maana yake ni kitu kilichosimama palepale, kama hiyo daladala yenyewe kwenye foleni ya jioni. Vifaa vya kuandikia ni "stationery", yenye e kama ya "envelope".

Kuhusu yule mama, sijamwona tena. Kalamu yake niliondoka nayo mfukoni kwa kuchanganyikiwa, na ndiyo niliyoandikia makala haya. I borrowed it. Kurudisha naona aibu.